Fundi Rangi, Mkwewe na Maharagwe Mabichi

Zaidi ya nusu ya umri wake Fundi Rangi aliishi juu ya ngazi. Kuta za shule, za zahanati, za kumbi na za maduka zilikuwa zimepita chini ya rola yake, na alikuwa na tabia ya kupapasa ukuta wa nyumba ngeni kwa kiganja kabla hajamaliza kusalimiana na wenyeji. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa halitumiki tena. Hata mkewe alimwita Fundi.

Kisha siku moja ngazi ikateleza kwenye vigae vya duka la viatu, na goti lake la kulia likageukia upande ambao goti halipaswi kugeukia. Lilipona, lakini halikukunjika tena sawasawa. Fundi rangi asiyepanda ngazi hupewa milango na sehemu za chini za madirisha, kazi wanazofanyia mazoezi wanaojifunza. Alizifanya kwa muda, shingo upande, halafu akaziacha akakaa nyumbani.

Nyumbani akawa kero. Alipaka rangi kila kilichosimama na vingine vilivyolala. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka katika hoteli moja, alirudi jioni akakuta mpini wa jembe umekuwa wa bluu na bado haujakauka. Aliitazama mikono yake iliyopata rangi, akamtazama mumewe.

"Fundi," alisema, "tafuta kitu kinachokua. Hivi visivyokua umeshavimaliza."

Ndivyo maharagwe yalivyoingia katika nyumba ile. Hakuchagua mahindi wala mchicha kwa sababu kwa miaka mingi kulikuwa na sahani moja iliyomkaa kichwani. Wakati anapaka ukumbi wa kulia chakula wa hoteli ile ile ya mkewe, mpishi alimpa maharagwe ya kijani, yale yanayoliwa mabichi na ganda lake, yamepitishwa tu kwenye maji ya moto na kukaangwa kidogo. Alipoyauma yalilia chini ya meno, kacha, kama kijiti kibichi kinachovunjwa. Alikula amesimama, brashi mkono wa pili. Sokoni aliyatafuta mara nyingi, na kila mara aliyakuta yamelala kwenye magunia tangu juzi, yamelegea kama kamba za viatu. Akaamini kwamba maharagwe yale lazima mtu ayachume mwenyewe na kuyafikisha jikoni kabla hayajajua kwamba yamechumwa.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kirefu na chembamba, chenye ukuta wa jirani upande mmoja. Ukuta ule Fundi aliupaka mwenyewe rangi nyeupe ya mafuta, inayong'aa, na akaufanyia ukarimu wa kuupaka mara tatu. Aliona ndipo mahali pazuri pa kupandia, kwa kuwa pangemfanya aone kazi zake mbili kwa pamoja. Akalima tuta chini ya ukuta, akafukia mbegu, akamwagilia.

Maharagwe yalichomoza haraka na kumtia kiburi. Yakatoa maua meupe, mengi, na Fundi akaanza kuwaalika watu kabla hata ganda moja halijaonekana. Kisha maua yakaanguka. Hayakunyauka kwanza wala kuonyesha dalili. Asubuhi yalikuwepo, jioni yalikuwa chini, yamemwagika kama punje za wali. Alimwagilia zaidi. Yakaanguka zaidi.

Alikwenda kumlalamikia mama aliyemuuzia mbegu, mwenye duka dogo la pembejeo karibu na kituo cha mafuta. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho huku akipanga pakiti zake, akamuuliza alipanda lini na wapi. Aliposikia habari ya ukuta alicheka, si kwa ubaya. Alimweleza kwamba maharagwe haya hupenda joto la kiasi, na jua likizidi hulitupa ua kuliko kulibeba. Na yeye amepanda katika miezi ya jua kali, halafu akayawekea kioo nyuma yake. Yanapigwa na jua mara mbili. Angoje hali ya hewa ipoe, tena ayasogeze mbali na ukuta wake mzuri.

Fundi alirudi nyumbani akiwa amenuna. Ukuta ule ulikuwa miongoni mwa kazi zake bora.

Alihamishia tuta upande wa pili, mahali palipopata kivuli chepesi cha mpapai mchana. Safari hii aliona asifanye mambo nusunusu. Jirani alikuwa na kuku wengi, na Fundi akamsafishia banda lote, akabeba samadi kwa ndoo za rangi na kuimwaga yote kwenye tuta. Maharagwe yakapokea ile karamu. Majani yakawa mapana kama viganja, ya kijani kibichi kilichokolea, na kila aliyepita uani alisimama kusifu. Fundi akavikwa kilemba cha ukoka na akakivaa kwa raha. Lakini alipoinama na kuyafunua majani, chini hapakuwa na kitu. Maua mawili matatu, ganda moja lililopinda kama ndoana, basi. Mama wa pembejeo alimwambia kwamba mmea ulioshiba vile hauoni sababu ya kuzaa. Aling'oa tuta zima kwa mikono, akawatupia mbuzi wa jirani, na jioni ile akaketi peke yake barazani.

Mkewe alimwacha atulie. Alijua kwamba mumewe hukasirika kama rangi inavyokauka. Ukiigusa mapema unaacha alama.

Mara ya tatu alitulia. Alisubiri mpaka asubuhi zikawa na ubaridi. Alichanganya udongo na mboji kidogo iliyooza vizuri, akapanda bila kuloweka mbegu, akatandaza nyasi kavu juu ya udongo usichemke, akawa anamwagilia chini kwenye shina wakati wa asubuhi na kuacha majani yakavu. Miche michache ilikatwa shingo na viwavi. Akawatafuta kwenye udongo mmoja mmoja, akilaani goti lake kila alipoinama. Iliyobaki ikatoa maua, na maua yakashika. Siku alipoona ganda la kwanza, jembamba kama sindano ya kushonea magunia, alikaa chini kabisa kwenye udongo, jambo ambalo kwa goti lile lilikuwa na gharama, akalitazama.

Wiki ile ile mama mkwe wake akahamia.

Alikuwa mama mwenye umbo dogo, mkavu, mwepesi wa miguu, aliyekuwa akiishi na mwanawe wa kiume mpaka mwanawe huyo alipohamishwa kikazi akaenda mbali. Hapakuwa na mjadala. Chumba cha nyuma kilifagiliwa, Fundi akakipaka rangi ya maziwa, na mama akaja na masanduku yake na kikapu cha nyuzi. Fundi alimheshimu sana. Mbele yake hakupandisha sauti, hakukaa kabla yeye hajakaa, na hata kukohoa alikohoa kwa adabu. Alimwita Mama, naye akamwita baba, kama mama anavyomwita mwana aliyemzaa mwenyewe.

Shida ni kwamba Mama alikuwa mtu wa alfajiri, na alikuwa amelima maisha yake yote. Fundi alipoamka siku ya pili alimkuta tayari yuko kwenye tuta, umande umemlowesha gauni mpaka magotini, anapita katikati ya miche akiyagusa majani, akiyageuza, akinong'ona. Mama wa pembejeo alikuwa amemwonya Fundi juu ya jambo hilo hasa: usiyaguse yakiwa na maji, unatembeza ugonjwa kutoka jani hadi jani. Fundi alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Yamependeza."

Angesema nini? Alisema ndiyo, yamependeza.

Yalipofika unene wa penseli, Fundi alichuma. Yalikuwa bado machache, lakini yalivunjika, kacha, na aliyasikia kwa masikio yake. Mama alitoka jikoni, akaangalia bakuli, uso wake ukabadilika kama mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa.

"Baba, mbona unachuma watoto?"

Alimweleza kwa upole kwamba aina hii huliwa changa, ganda na vyote. Alimweleza pia kwamba ukiyachuma mara kwa mara mmea huendelea kutoa mengine, lakini ukiyaacha yakomae mmea huona kazi imekwisha, huacha kuchanua. Mama alisikiliza yote, akaitika amesikia. Alikuwa na namna ya kusema amesikia ambayo haikumlazimisha kufanya lolote.

Tangu siku ile maganda yakaanza kupotea. Fundi alichuma, akafunua kila jani, akaondoka akiamini amemaliza. Baada ya siku chache akakuta maganda manene, yaliyovimba vifundovifundo kwa mbegu, yamejificha ndani kabisa. Mwanzoni alidhani macho yake yamezeeka. Kisha akaona kwamba majani ya mahali pale yamelazwa makusudi, moja juu ya jingine, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Na chini yake, kwenye kikonyo cha kila ganda, kulikuwa kumefungwa uzi mwekundu.

Damu ilimchemka. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mkewe aliporudi alimfuata mpaka chumbani, akafunga mlango, akamwaga yote kwa sauti ya chini: kwamba mama yake anamharibia tuta, kwamba mimea imeshaanza kupunguza maua, kwamba majani ya chini yana madoa ya kutu, ule ugonjwa wa majani, kwa sababu ya kuguswaguswa yakiwa na umande, kwamba amepoteza miezi na miezi na sasa alipofika anazuiwa mlangoni.

Mkewe alikuwa amesimama siku nzima mbele ya pasi ya mvuke. Alikaa kitandani, akavua viatu.

"Mwambie."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Maharagwe ni yako," mkewe alisema. "Mimi sipeleki ujumbe kutoka uani hadi jikoni. Mdomo unao."

Mdomo alikuwa nao, lakini mbele ya mkwewe ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alijaribu kwa kuzunguka. Wakati wa chakula alisema, kana kwamba anaongea na chumvi, kwamba wapo watu wanaokosea kwa kuyaacha maharagwe ya kijani yakauke. Mama alikubaliana naye kwamba watu hukosea mambo mengi. Alijaribu kuamka kabla yake; akamkuta ameshaamka. Alifikia hatua ya kunung'unika peke yake kati ya mistari ya tuta, akiyaambia majani mambo ambayo hakuweza kumwambia mtu. Watu waliopita nje walidhani anaongea na simu.

Mwishowe akafanya jambo la kijinga. Asubuhi moja, siku ya mapumziko ya mkewe, Mama alipopelekwa na binti yake zahanati kupimwa macho, Fundi alichukua bakuli kubwa akachuma kila kitu. Machanga, mazima, yaliyovimba, yenye uzi na yasiyo na uzi. Alichuma kwa hasira, akakatakata, akapika mwenyewe kama mpishi wa hoteli alivyopika, na chakula cha mchana akaweka sahani katikati ya meza.

Machanga yalikuwa machache na yalipotea katikati ya wakongwe. Hayo mengine yalikuwa na nyuzi kama makumbi. Mtu alitafuna, akatafuna, akabaki na fundo mdomoni asijue alipeleke wapi. Binti za Fundi walikuwa wameolewa wote, kwa hiyo mezani walikuwa watatu tu. Mama alichukua kijiko kimoja. Kisha akaingiza vidole kinywani, taratibu, akatoa kipande cha uzi mwekundu, akakiweka pembeni ya sahani.

Alinawa, akaenda chumbani kwake. Mkewe alimtazama Fundi kwa muda mrefu, akaondoa sahani.

Jioni ile Fundi alikwenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akabisha hodi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, kikapu cha nyuzi mapajani, hafanyi kitu.

"Nisamehe, Mama. Yale ya uzi ningeyaacha."

"Yalikuwa ya mbegu," alisema.

Alimkaribisha akae. Alimsimulia, bila kulia na bila kutia chumvi, juu ya mwaka mmoja alipokuwa na watoto wadogo, mvua zilipokatika. Njaa ilipozidi walichuma maharagwe yakiwa mabichi, wakala na maganda, kwa sababu tumbo halikungoja. Mama mkwe wake mwenyewe ndiye aliyeamuru. Waliyala siku chache. Mvua ziliporudi, wenye mbegu wakapanda, na wao wakakaa mlangoni wanatazama. Ilibidi apite nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni, akiomba mbegu, na nyumba ambazo hazikumfungulia alizikumbuka mpaka leo kwa mpangilio wake. Tangu mwaka ule, akiona mtu anavunja ganda changa, mkono wake unatetemeka. Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anaweka akiba.

"Lakini Mama," Fundi alisema polepole, "mbegu zinauzwa dukani."

"Najua zinauzwa," alijibu. "Mkono haujui."

Fundi alirudi barazani akakaa. Alimwelewa, na ile hadithi ilimchoma. Lakini ukweli ni kwamba kumwelewa hakukumrudishia maharagwe yake. Tuta lilikuwa limepigwa na kutu, maua yalikuwa ya kuhesabika, na joto lilikuwa njiani kurudi. Alikuwa bado na hasira, ila sasa hasira haikuwa na pa kuketi.

Asubuhi alichukua kamba yake ya chaki, ile ya kupigia mistari kutani, akaivuta katikati ya tuta. Upande wa mpapai ungekuwa wa Mama, aukaushe apendavyo. Upande huu wake. Mama alikubali, na kuanzia hapo hakuvuka kamba. Upande wa Fundi ulitoa konzi moja, halafu jua likaanza kuyaangusha maua. Upande wa Mama ulikauka vizuri. Aliyapura kwenye ungo, akayapepeta, akayatia kwenye kopo la maziwa na kulifunga kwa nguo. Alilitikisa akilisikiliza kama mtu anayesikiliza muziki. Fundi aliumwa na wivu, akajiona mdogo kwa kuuona wivu huo.

Miezi ya jua ilipita bila kupanda. Hali ya hewa ilipopoa, Mama alifungua kopo lake. Vumbi jembamba lilitoka kwanza. Maharagwe yalikuwa yamebunguliwa, kila moja na tundu lake, na wadudu wadogo weusi wakakimbia juu ya vidole vyake. Aliyamwaga kwenye ungo, akaanza kuchambua. Fundi alisimama kando. Kwa miezi alikuwa ametamani siku ambayo mkwewe angeonekana amekosea, na ilipofika hakuona hata chembe ya utamu. Aliketi naye, goti limenyooshwa mbele, wakachambua pamoja mpaka zikapatikana punje chache nzima, zinazotosha kiganja cha mtoto. Kisha akaenda kwa mama wa pembejeo, akarudi na pakiti mbili, moja akampa.

"Hii ni ya upande wako, Mama."

Aliipokea kwa mikono miwili. Alizipanda punje zake kwanza, za dukani zikafuata.

Msimu ule maharagwe yalizaa. Si kwa wingi wa kusimuliwa. Kutu ilikuja tena, vidukari navyo vikaja, na mstari mmoja mzima ulikataa kuota bila kutoa sababu. Lakini Fundi alikula sahani yake, ya maharagwe yaliyolia chini ya meno, na Mama akakubali kuonja ganda moja. Alitafuna kwa makini. Akasema si mabaya, ila ni kama kula chakula ambacho hakijamaliza kuwa chakula.

Asubuhi iliyofuata Fundi alitoka akamkuta amevuka kamba. Umande ulikuwa umekauka, kwa hilo alikuwa amejifunza. Alikuwa amesimama upande wa Fundi, bakuli kwapani, anamchumia. Alikuwa anachuma yaliyo sawa kabisa, ya unene wa penseli. Lakini alivuta kwa mkono mmoja, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kung'oa mimea iliyokauka, na mbele ya macho ya Fundi tawi zima likakatika, lina maua juu yake na vijiganda kama sindano.

"Mama, hapana," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mikono miwili. Mmoja ushike shina, mwingine uvunje. Unaniulia mche."

Masikio yalimwaka moto. Hakuwahi kusema naye hivyo.

Mama alilitazama lile tawi mkononi mwake, akamtazama yeye.

"Haya," alisema. "Kumbe unaweza kusema. Muda wote ule ulikuwa unayanung'unikia majani, nikawa najiuliza mimi nimekaa wapi hata usiniambie."

Aliweka bakuli na tawi chini. Akashika shina kwa mkono wa kushoto, akavunja kwa wa kulia, kacha, akamgeukia kuona kama ndivyo. Fundi akaitika kwamba ndivyo. Kisha akaliokota lile tawi lililokatika, akayahesabu maua yake kwa macho, na moyo ukamuuma kila ua kwa zamu yake.